Sarara ya Bwana Panga

Miaka yote aliyosimama nyuma ya gogo lake la kukatia nyama, Bwana Panga hakuwahi kupeleka nyumbani kipande laini. Laini kiliuzwa. Kilichokwenda nyumbani, kimeviringishwa kwenye gazeti, kilikuwa muundi, au shingo, au kile kinachogandamana na mfupa baada ya kila mteja mwenye macho kuchagua chake. Mkewe alikiteleka tangu mchana. Jioni Bwana Panga alitafuna, akatafuna, kisha akaisukuma sahani na kusema neno lile lile la jana na juzi: "Hii nyama au kiatu? Mwanamke hajui kupika huyu."

Na hakuwa mjinga wa nyama, hata kidogo. Mteja akilalamika dukani, yeye ndiye aliyekuwa akimpa somo huku amelishika panga hewani. "Mama, huu ni muundi. Ng'ombe ametembelea huu maisha yake yote, ndiyo maana umejaa kano. Hii ni shingo, imenyanyua kichwa kutwa kucha. Ukitaka laini, chukua sarara. Sarara imekaa huku ndani, chini ya uti wa mgongo, imelala kama bibi harusi. Haibebi, haitembei, haifanyi kitu. Nyama ikifanya kazi inakuwa ngumu, isipofanya kazi inakuwa laini. Basi."

Alijua, kwa hiyo. Alijua vizuri sana kwa nini chungu cha nyumbani hakiivi, na bado alimtukana aliyekipika. Mimi nimesikia wanaume wakisifiwa kwa kutowapiga wake zao, na huyu alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kuinua mkono. Hakuwa na haja, maana ulimi ulitosha. Jina la Bwana Panga alipewa kwa sababu ya chombo chake cha kazi, lakini waliomjua kwa karibu walicheka walipoambiwa hivyo.

Siku aliyoanguka, aliteleza kwenye mafuta ya sakafu yake mwenyewe. Mkewe alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba sakafu ya bucha inataka maji ya moto na sabuni, si kumwagia ndoo ya maji baridi na kusukuma kwa fagio. Yeye alimjibu kwamba bucha si jiko. Basi akaenda chini na robo ya ng'ombe begani, na mfupa wa paja ukakatika. Hospitali walimpasua, wakauunga mfupa kwa chuma. Daktari akasema mfupa utashika, hilo lisimtie wasiwasi, ila mgonjwa aanze kusimama mapema akishikilia kile chuma cha kutembelea chenye miguu minne. Akiendelea kulala, alisema, mfupa utapona na nyama itakufa.

Bwana Panga alirudi nyumbani akalala.

Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa dada yake. Dada huyu alikuja na mkoba wake, chupa ya mafuta ya kukandia na mito miwili, akaweka kiti pembeni mwa kitanda, na kuanzia hapo kaka yake hakuinua hata kijiko. Alilishwa. Alioshwa. Alisogezewa beseni la haja. Mto mmoja uliwekwa chini ya goti, limekunjwa vizuri, maana hivyo ndivyo maumivu yalivyopungua. Kila alasiri dada alilikanda paja kwa mafuta huku akimsema wifi yake kwa sauti ya chini isiyo chini sana. "Mke gani huyu? Mume yuko kitandani, yeye yuko bucha anapimia watu nyama."

Ni kweli mkewe alikuwa bucha. Nani mwingine angeifungua? Alichukua funguo siku ya pili baada ya ajali, akafunga aproni ya mumewe ambayo ilimzunguka mara mbili, akashika panga. Bwana Panga akaambiwa. Tangu hapo alilala akiwa na hakika moja: mwanamke huyu anaitaka bucha yangu.

Kisha akaja dada mmoja wa mazoezi, mtaalamu wa viungo kutoka hospitali, kijana, viatu bapa, hana muda wa kupoteza. Alifunua shuka, akashika paja zima kwa mikono miwili, kisha akashika lile bovu. Aliuchomoa mto chini ya goti na kuutupa sakafuni.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi," dada wa mgonjwa akasema. "Inampunguzia maumivu."

"Inampunguzia mguu." Akamgeukia mgonjwa. "Baba, wewe ni mtu wa nyama, nitakwambia kwa lugha yako. Msuli ni mafungu ya nyuzi, umeyaona. Kila fungu limefunikwa utando, na mwishoni yote yanaishia kwenye kano, na kano imeng'ang'ania mfupa. Sawa? Sasa, msuli unajua kazi moja tu, kujikunja na kuvuta. Haujui kusukuma. Ndiyo maana imewekwa miwili miwili. Huu wa mbele ya paja ukivuta, goti linanyooka. Wa nyuma ukivuta, linakunjwa. Mmoja ukivuta, mwenzake unalegea kumpisha. Wewe umekaa umekunja goti juu ya mto, basi wa nyuma umeshazoea kuwa mfupi, na wa mbele umekosa kazi, unasinyaa. Mwili hautunzi kitu kisichotumika. Unakila."

"Mimi nimekata misuli tangu kabla hujazaliwa," Bwana Panga akasema.

"Ya ng'ombe waliokufa. Huu bado uko hai, kidogo."

"Na moyo nao ni msuli?" aliuliza kwa dharau, maana alitaka kuonyesha kwamba anajua mambo.

"Ni msuli. Huo tu ndio haujawahi kulala tangu uzaliwe."

"Moyo nauza kwa kilo," akasema Bwana Panga, na akageuza uso ukutani.

Yule dada wa mazoezi akamwonyesha namna ya kukaza paja akiwa amelala, namna ya kukaa ukingoni mwa kitanda, namna ya kusimama. Akamwonya kwamba akianza kusimama, kesho yake atasikia maumivu makali, asiogope, nyuzi zinachanika kidogo na mwili unaziunga zikiwa nene zaidi. Hakuna njia nyingine ya kuujenga msuli, alisema, kukanda hakujengi. Alipofunga mlango, dada wa mgonjwa aliokota mto, akaupangusa vumbi, akaurudisha pale pale. "Mtoto mdogo anakuja kutufundisha," akasema. "Mgonjwa haulizwi uji, anapewa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda, siku baada ya siku, paja likizidi kuwa jembamba na ulimi ukizidi kunenepa. Naam, ulimi nao ni msuli, na huo Bwana Panga hakuupumzisha. Mkewe akirudi ana harufu ya damu na chumvi, alimsalimia kwa kumuuliza leo ameiba kiasi gani. Akimletea maji, yalikuwa baridi mno. Akiyapasha, alikuwa anataka kumchoma.

Siku moja mchana mkewe alirudi nyumbani ghafla, aproni bado imemkaa kiunoni. Kumbe mteja mmoja, mkunga mstaafu, alimuuliza mume anaendeleaje, naye alijibu kwamba analala vizuri, na yule mkunga akacheka kicheko kisichofurahisha. Mke aliingia chumbani, akasimama miguuni mwa kitanda, akafunua shuka kwa mkupuo mmoja. Wifi yake akapiga kelele. Mume akajifunika kwa mikono.

Mkewe aliutazama mguu kama anavyotazama nyama iliyoletwa na mchuuzi asiyemwamini. Akaubonyeza kwa kidole pale juu ya goti. Kidole kilizama.

"Umekuwa sarara," akasema.

"Unasema nini?"

"Si wewe uliyetufundisha? Haibebi, haitembei, imelala kama bibi harusi. Ndiyo wewe sasa. Ningekukata ningekuuza bei ya juu kabisa."

Bwana Panga alijiinua kwa viwiko. Mishipa ya shingo ilimtoka. Nasema kweli, tangu alale hakuwahi kujiinua kiasi kile. "Sikiliza, mwanamke wewe. Ushukuru Mungu nimelala. Siku nitakayosimama kwa miguu yangu, wa kwanza kutoka nyumba hii ni wewe! Umesikia? Wa kwanza!"

Mkewe alikifuta kidole chake kwenye aproni. "Nimesikia," akasema. "Na wifi amesikia. Basi simama."

Akainama, akachukua beseni la haja, akatoka nalo nje, na likasikika likitua kwenye pipa la taka. Aliporudi alichukua mto wa goti, na mto wa pili, na chupa ya mafuta, akavitia vyote kwenye mkoba wa wifi yake, akaufunga, akauweka mlangoni.

"Wifi, asante kwa yote. Nyumba yako inakungoja."

"Unanifukuza kwa kaka yangu?"

"Nakufukuza kwa mguu wake."

"Unataka kumuua! Watu wote watajua!"

"Wajue. Ukipita sokoni waambie kabisa, usisahau mtu."

Dada alitoka akilia na kulaani, na laana zake zilisikika mpaka mwisho wa barabara. Ndani, Bwana Panga alibaki na mkewe, kitanda, na kile chuma chenye miguu minne kilichokuwa kimeegemezwa ukutani tangu siku ya kwanza, kimeanikwa taulo. Mkewe aliondoa taulo, akakisogeza mpaka karibu na kitanda, si karibu sana.

"Choo kiko kule unakokijua," akasema. "Chakula kiko jikoni. Mimi naenda bucha."

Bwana Panga alimchukia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alimchukia wakati anashusha mguu sakafuni na jasho likimtoka. Alimchukia alipokifikia kile chuma kwa ncha za vidole, alipokivuta, alipojaribu kusimama na lile paja likatetemeka kama si lake, likamrudisha kitandani. Mara ya kwanza hakufika chooni akiwa amesimama. Alifika kwa kutambaa, mtu mzima, mwenye bucha, na njiani huko chini aliona mengi ambayo hakuwahi kuyaona ndani ya nyumba yake: vumbi nyuma ya kabati, kifungo cha shati, na chini ya kitanda begi jekundu la mkewe, limejaa, limefungwa. Akafikiri ni nguo zake alizotoka nazo hospitali. Alikuwa na haraka ya mambo mengine.

Kesho yake paja liliuma kiasi kwamba aliamini amewekewa kitu kwenye uji. Alimwambia mkewe hivyo waziwazi. "Umenitilia sumu." Mkewe akachukua lile bakuli, akanywa uji uliobaki, akaosha bakuli, akaondoka.

Kila jioni alisimama mlangoni amekunja mikono, umbali wa hatua chache, mahali ambapo mume asingeweza kumfikia ila kwa kutembea. Bwana Panga alimtukana na kutembea. Akimaliza tusi, anakuwa amesogea. Yule dada wa mazoezi alikuja tena, akamkuta amesimama katikati ya chumba akimwita mkewe mchawi, akatabasamu, akapima paja, akasema limerudi kidogo. "Endeleeni hivyo hivyo," akasema. Sijui kama alielewa anachokibariki.

Siku moja Bwana Panga alianguka kwenye ujia wa jikoni. Mkewe alikuwa hapo hapo. Hakumnyanyua. Alivuta kiti mpaka ukingo wake ukamgusa begani, akakikandamiza kwa uzito wake kisiteleze, akasema, "Kamata." Bwana Panga alikamata, akavuta, paja likakaza, mguu ukanyooka, akainuka akipumua mbele ya uso wake. Na hapo, kwa sababu walikuwa karibu kuliko walivyokuwa kwa miaka, aliiona mikono yake. Mikono ya mkewe ilikuwa imebadilika. Chini ya ngozi, kuanzia kiganja mpaka kiwiko, misuli ilikuwa imejipanga, imekaza kwa kushika panga kila siku. Ilikuwa mikono ya mtu wa bucha. Akataka kusema kitu juu yake, kisha akasema chai imekosa sukari.

Lakini tangu siku ile akaanza kufikiri. Alifikiri amelala, alifikiri akizunguka meza ya jikoni na chuma chake, baadaye na fimbo tu. Mtu asiyekupenda, alijiambia, angejisumbua hivi? Angekuacha ulale uoze, si ndiyo? Akamwona mkewe akisimama pale mlangoni kila jioni, amechoka, hajakaa tangu alfajiri, na akaona kwamba hayo ndiyo mapenzi yenyewe, magumu kama muundi. Wanaume wengine ndivyo walivyo. Ukiwatendea wema wanaona ni haki yao, ukiwasumbua kwa faida yao wanaona ni mahaba. Hakumuuliza mkewe kama ndivyo. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akaridhika. Matusi yakapungua, na alidhani kupungua kwake ni zawadi ambayo mkewe ataiona bila kuambiwa.

Ndipo ikafika asubuhi aliyotembea mpaka bucha. Alitembea na fimbo, polepole, akisimama kila baada ya nyumba kadhaa kama anayetazama mambo ya watu. Alimkuta mkewe ameshafungua. Sakafu ilikuwa kavu, inang'aa, haina tone la mafuta. Ndoano zimesuguliwa. Gogo limekwanguliwa kwa chumvi mpaka mti ukaonekana. Wateja walishangilia, mmoja akampiga bega. Mkewe alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya gogo, akamtazama akizunguka kaunta na kusimama mahali pake, miguu miwili sakafuni.

"Unaweza?" akamuuliza.

"Naweza."

"Sawa," mkewe akasema, akaondoka.

Bwana Panga alikata nyama asubuhi ile kwa furaha ambayo hata yeye ilimshangaza. Paja lilimuuma maumivu mazuri, ya kazi. Alipofika kwenye sarara, mwalimu mmoja aliyezoea kuinunua alinyoosha mkono, na Bwana Panga akaivuta upande wake.

"Hii imeshapata mwenyewe."

"Nani tena huyo?"

"Yupo."

Akaisafisha vizuri, akautoa utando wote kwa ncha ya kisu, akaifunga kwenye karatasi safi, si gazeti. Mchana akafunga duka kwa kulibana kufuli. Njia nzima alitafuta maneno. Alikuwa na maneno mengi ya kila aina, lakini ya aina hii hakuwa nayo, na alipofika kwenye kona ya mwisho alikuwa amepata moja tu: nimekuletea. Akaona litatosha.

Mkewe alikuwa mlangoni. Alikuwa amevaa nguo zake za safari, na miguuni pake lilikuwa lile begi jekundu. Nyuma yake, kwenye kiti cha sebuleni, alikuwa amekaa dada, na mkoba wake, na mito yake miwili. Hakuwa akilaani mtu. Aliangalia sakafu.

"Unakwenda wapi?" Bwana Panga akauliza.

"Kwetu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Wifi nimemwita mimi, usibaki peke yako leo."

"Sasa nani amekufukuza?"

"Wewe," mkewe akasema. "Ulisema siku utakayosimama kwa miguu yako, wa kwanza kutoka nyumba hii ni mimi. Umesimama."

"Aa! Yale yalikuwa maneno ya mgonjwa. Ya hasira. Ulimi hauna mfupa, mke wangu."

"Na yale ya miaka yote? Ulikuwa mzima."

Aliegemea fimbo. Kitu pekee kilichomjia ni kile kilichokuwa kimemlaza kwa furaha majuma yote yale, akakitoa kama mtu anayetoa ushahidi. "Kama hunitaki, ulininyanyua ya nini? Ungeniacha pale pale ukaenda zako."

"Begi lilikuwa tayari kabla hujaanguka," mkewe akasema. "Ningeondoka wiki ile ile. Ukaanguka. Mtu haachwi kitandani. Ningekuacha umelala, kila ninapokwenda ningekuwa nimekubeba mgongoni. Sasa una miguu, jibebe."

Ndipo alipokumbuka kile kifurushi mkononi mwake. Alikinyoosha. "Nimekuletea," akasema.

Mkewe alikipokea. Hakukifungua. Alikipima kwa kiganja, akakibonyeza kidogo kwa kidole gumba kupitia karatasi, kama mtu wa bucha, akajua. Kisha akamrudishia, akakiweka mkononi mwake na kumfunga vidole juu yake.

"Hii haitaki kupikwa sana," akasema. "Hata wewe utaiweza. Funguo za bucha ziko mezani."

Akainua begi. Lilikuwa zito, naye alilibeba kwa mkono mmoja. Alishuka ngazi, akatoka nje, akapinda kushoto. Bwana Panga alimfuata. Mguu ulimtii ngazi zote, ukamtii mpaka barabarani, na hapo akaona kwamba angeweza kabisa kumfikia kama angeongeza mwendo kidogo, na kwamba akimfikia hana la kumwambia. Mkewe hakugeuka.

"Kaka," dada akaita kutoka ndani, "njoo ukae. Nimekuwekea mto."

Hakukaa. Alipita mbele ya kile kiti, akaenda jikoni, akatafuta sufuria, akatafuta chumvi. Ilimchukua muda kujua chumvi inakaa wapi. Nyama iliiva upesi, kama alivyoambiwa. Aliila hapo hapo amesimama, na haikuhitaji hata kutafunwa sana.